Namna ya kukusanya mabango ya zamani ya filamu za Kijapani

Miaka ya 1950, ukiingia kwenye sento, yaani nyumba ya kuogea ya mtaa huko Tokyo, ungekuta ukutani bango la filamu ya wiki hiyo. Kwa kinyozi vivyo hivyo. Mwenye ukuta hakulipwa fedha. Alipewa tiketi ya sinema, birashita-ken kwa jina lao, kama ahsante ya kuruhusu bango libandikwe. Wiki ikiisha ikaja filamu nyingine, na bango la kwanza likachanwa au likafunikwa na jingine. Mwaka 1958 majumba ya sinema ya Japani yaliuza tiketi zaidi ya bilioni 1.1, katika nchi ya watu wasiofika milioni 100. Mabango yalichapwa kwa wingi wa kutosha kulisha moto huo, na karibu yote yaliishia jalalani. Yaliyobaki yamebaki kwa sababu kuna mtu aliyapenda, au aliyasahau stoo.

Nakusanya tangu 2014, nikiwa Tanga, na sijawahi kukanyaga Japani. Kijapani sikisemi. Nilichojifunza ni kuisoma karatasi yenyewe: kipimo chake, maandishi ya ukingoni, wino, mikunjo. Ukijua hayo utanunua kwa macho yako badala ya kutegemea maneno ya muuzaji.

Hatua ya 1: Chagua kona yako

"Filamu za zamani za Kijapani" ni bahari. Kabla hujatoa hata shilingi, amua utavua wapi. Hapa nazungumzia zama za studio kubwa, tangu vita vilipokwisha mwaka 1945 hadi 1971, mwaka ambao Daiei ilifilisika na Nikkatsu ikageukia filamu za ngono ili isizame.

Kila studio ilikuwa na sura yake, na mabango yanaionyesha. Shochiku, iliyoingia kwenye filamu mwaka 1920, ndiyo nyumba ya mwongozaji Ozu Yasujiro na hadithi za familia. Mabango yake mengi ni matulivu, nyuso mbili tatu na nafasi ya kupumulia. Toho ilitoa Shichinin no Samurai (Samurai Saba) ya mwongozaji Kurosawa, na pia Gojira, lile jitu Godzilla, ndani ya mwaka mmoja, 1954. Daiei ilitoa Rashomon mwaka 1950, na kuanzia 1962 ikaleta Zatoichi, yule kipofu mkandaji mwenye upanga. Nikkatsu ni kongwe kuliko wote, ya mwaka 1912. Vita viliiondoa kwenye utengenezaji, na iliporudi mwaka 1954 ikawafuata vijana: mwigizaji Ishihara Yujiro, magari, bastola, rangi zinazopiga kelele. Toei, iliyozaliwa 1951, ilianza na panga na baadaye ikahamia kwa majambazi wa yakuza wenye heshima zao. Na kuna Shintoho, iliyojitenga na Toho mwaka 1947 baada ya migomo ya wafanyakazi na kufa mwaka 1961. Mabango yake ya mizimu nayapenda kuliko yote niliyowahi kuyaona, na nakiri kwamba hapo sina usawa wa hukumu.

Ushauri wangu: usianze na Gojira wala Kurosawa. Mabango ya kwanza ya filamu hizo yanagombaniwa na matajiri wa dunia nzima, na palipo na fedha nyingi ndipo bandia zinapojaa. Anza na Nikkatsu au Toei ya miaka ya 1960. Filamu hizo zilitengenezwa kwa mamia, nyingi hazijulikani nje ya Japani, na kwa hiyo bango zuri kabisa, la asili, hupatikana kwa bei ambayo mshahara wa kawaida unaweza kuihimili ukijipanga. Njia nyingine nafuu ni mfululizo wa Otoko wa Tsurai yo wa Shochiku, hadithi za Tora-san, mchuuzi anayezunguka na begi lake. Ulianza Agosti 1969 na hadi 1995 ulifikisha filamu 48. Nyingi ni za baada ya zama zetu, lakini mabango yake ni mengi, na mkono wako utazoea kushika karatasi ya Kijapani bila hofu.

Usitafute sana jina la msanii. Mengi ya mabango haya yalitoka kwenye idara za matangazo za studio bila sahihi ya mtu. Walikata picha za waigizaji, wakazipanga, wakazitia rangi, na herufi za jina la filamu mara nyingi ziliandikwa kwa mkono. Ziangalie herufi hizo kwa makini. Za filamu ya mzimu zinachuruzika, za filamu ya upanga zimekatwa kama kwa makali. Hata asiyejua kusoma Kijapani anaona hadithi ndani yake.

Aliyejulikana kwa jina ni Noguchi Hisamitsu, lakini yeye aliwachorea Wajapani filamu za kigeni. Bango alilolichora kwa ajili ya Les Quatre Cents Coups ya Truffaut lilimfurahisha mwongozaji huyo Mfaransa hata akalionyesha ndani ya filamu yake fupi ya mwaka 1962. Hiyo nayo ni kona inayofaa: filamu za Ulaya kwa mabango ya Kijapani.

Hatua ya 2: Shika futi kabla ya pochi

Japani hutumia karatasi za mfumo wa B. Kipimo utakachokutana nacho zaidi ni B2, sentimita 51.5 kwa 72.8. B1 ni mara mbili yake, 72.8 kwa 103, nalo ni adimu zaidi. B3 ni nusu ya B2. Kuna tatekan, refu kama mlango, ambalo ni karatasi mbili za B2 zilizounganishwa juu na chini, jumla karibu sentimita 145. Studio zilichapa pia chirashi, kikaratasi cha B5 cha kugawiwa watu, sentimita 18.2 kwa 25.7. Kwa mwenye fedha kidogo chirashi ni mlango mzuri wa kuingilia: hukaa kwenye faili, na safari yake kwa posta ni bahasha tu.

Mabango ya miaka ya 1950 yanaweza kupungua milimita kadhaa kwa sababu ya kukatwa ukingo. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni bango la "1961" lenye sentimita 42 kwa 59.4. Hiyo ni A2, kipimo cha mashine za leo, na karibu kila mara ni nakala.

Hatua ya 3: Isome karatasi

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nilipolipa ada ya shule. Bango langu la tatu nililinunua kama la 1954. Lilikuwa la asili kweli, la studio kweli, ila la filamu iliporudishwa sinema miaka mingi baadaye. Shichinin no Samurai ilirudishwa majumbani mwaka 1967, tena 1975, tena 1991, na kila mara kwa bango jipya. Muuzaji hakuandika uongo; aliandika mwaka wa filamu, nami nikausoma kama mwaka wa karatasi. Hivyo swali la kwanza kwa muuzaji yeyote ni hili: bango hili lilichapwa mwaka gani?

Kisha jijibu mwenyewe. Tafuta alama ya studio. Huna haja ya kujifunza lugha nzima, alama sita zinatosha: 東宝 ni Toho, 松竹 Shochiku, 大映 Daiei, 日活 Nikkatsu, 東映 Toei, 新東宝 Shintoho. Ziandike kwenye kadi, uweke pochini. Neno 監督 humtangulia au humfuata mwongozaji. Ukiona リバイバル, filamu imerudishwa sinema, na bango si la mara ya kwanza.

Mwaka ukiandikwa kwa utawala wa mfalme, utaona 昭和, Showa, na namba. Ongeza 1925 upate mwaka wetu: Showa 29 ni 1954, Showa 36 ni 1961.

Pasipo na mwaka, karatasi bado ina ushahidi. Filamu za skrini pana za Kijapani zilianza kutoka mwaka 1957. Kwa hiyo bango lenye 東宝スコープ, yaani skrini pana ya Toho, haliwezi kuwa la 1954, hata muuzaji akiapa. Rashomon ilitoka Agosti 1950 na ikapata Simba wa Dhahabu wa Venice mwaka uliofuata. Bango lake likijisifia tuzo hiyo, basi lilichapwa baada ya tuzo, si kwa maonyesho ya kwanza. Herufi nazo zinasema: Japani ilirahisisha maandishi yake rasmi mwaka 1949, na neno filamu likabadilika kutoka 映畫 kuwa 映画. Umbo la zamani ni dalili ya karatasi kongwe, ingawa wachoraji waliendelea kulitumia kidogo hata baadaye. Maandishi ya mlalo yanayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto hukupeleka nyuma zaidi, kabla au wakati wa vita. Mabango ya huko ni haba kupindukia, kwa kuwa Tokyo iliungua mara mbili, katika tetemeko la 1923 na kwa mabomu ya 1945.

Kwa wapenzi wa majitu ya Toho, tahadhari moja. Kati ya 1969 na 1978 studio hiyo iliendesha tamasha la watoto la likizo za shule, 東宝チャンピオンまつり, ambapo filamu za zamani za Gojira zilikatwa fupi na kuonyeshwa pamoja na katuni. Mabango yake yana picha za filamu kadhaa kwenye karatasi moja. Ni mazuri, yana watoto wake waliokua nayo, na yana bei yake. Ila si mabango ya kwanza ya filamu hizo za zamani.

Mwisho ni uchapaji. Chukua lenzi ya kukuzia, ya mara kumi inatosha, uitazame ngozi ya uso wa mwigizaji. Uchapaji wa ofseti huonyesha vinukta vilivyopangwa kwa safu, kila rangi na safu yake. Printa ya kompyuta hunyunyiza vitone ovyo kama mchanga. Kisha nenda kwenye maandishi madogo kabisa ya chini. Kwenye bango la asili herufi hizo zina ukingo mkali na wino uliokoza, lakini kwenye nakala iliyopigwa picha kutoka bango jingine zina ukungu, na mikunjo ya bango mama inaonekana kama mchoro: jicho linaona mkunjo, kidole hakiusikii. Kidole kikikosa, rudisha.

Ukinunua kwa picha, omba picha nne: mbele nzima, nyuma nzima, kona moja kwa karibu, na maandishi ya chini kwa karibu. Picha ya nyuma ndiyo muhimu kuliko zote. Karatasi ya miaka 60 ina rangi ya chai ukingoni, na wino mzito wa mbele huwa umejitokeza kidogo upande wa pili. Nyuma nyeupe pee kwenye bango la 1955 inadai maelezo.

Hatua ya 4: Pa kununulia

Ukibahatika kufika Tokyo, nenda Kanda Jimbocho, mtaa wa maduka ya vitabu vya zamani. Yaguchi Shoten, duka lililopo tangu 1918, linajulikana kwa vitabu na karatasi za filamu na tamthilia. Jengo la Nakano Broadway lina maduka ya Mandarake ya vitu vya wakusanyaji. Na kabla ya kununua chochote pita Kyobashi, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Filamu ya Japani, ambako huwa wanafanya maonyesho ya mabango. Jicho lililoona asili kumi haliuziwi bandia kirahisi.

Sisi tulio mbali tunanunua kwa mnada wa mtandaoni, hasa ule wa Yahoo! wa Japani. Wauzaji wengi humo hawatumi nje ya nchi, kwa hiyo unapita kwa wakala kama Buyee au ZenMarket: anakununulia, anapokea mzigo ghalani kwake, kisha anakutumia. Aliyewahi kuagiza gari kutoka minada ya Japani hatapata ugeni wowote hapa. Ni mwendo uleule, hata ile nidhamu ya kusoma karatasi ya ukaguzi kabla ya kuvutiwa na rangi ya bodi.

Tafuta kwa Kijapani, maana bei na wingi wa vitu hubadilika kabisa. Nakili 映画ポスター, kisha ongeza B2 na jina la studio. Neno 当時物 humaanisha kitu cha enzi zile. Neno 復刻 humaanisha nakala iliyochapwa upya, na ukiliona ondoka.

Hatua ya 5: Elewa muuzaji anavyoeleza ubovu

Wauzaji wa Japani kwa kawaida hutaja kasoro bila kuficha, ila hutaja kwa maneno yao. 折り目 ni mikunjo. 画鋲穴 ni matundu ya pini. ヤブレ ni mchaniko, シミ ni doa, ヤケ ni karatasi iliyounguzwa na jua au uzee. 書き込み ni maandishi ya kalamu. 裏打ち ni bango lililobandikwa karatasi au kitambaa nyuma ili kuliimarisha.

Mikunjo usiihesabu kuwa dosari kubwa. Mabango mengi ya wakati huo yalikunjwa ili yatumwe na kuhifadhiwa, na bango la 1956 lisilo na mkunjo hata mmoja hunifanya nitoe lenzi. Matundu ya pini kwenye kona ni historia: lilifanya kazi, lilining'inia mahali. Maandishi ya jumba la sinema na tarehe kwenye nafasi ya chini mimi huyafurahia, ingawa hupunguza bei. Ninayoyakwepa ni matatu: selotepu ya zamani iliyogeuka kahawia, kwa sababu gundi yake inaendelea kuila karatasi, ukungu, kwa sababu utahamia kwa majirani zake kwenye droo, na kupauka kwa rangi nyekundu, kwa sababu hakuna fundi atakayeirudisha.

Hatua ya 6: Piga hesabu yote

Bei ya mnada ni mwanzo tu. Ongeza ada ya wakala, usafiri wa ndani ya Japani, usafiri wa kimataifa, na ushuru wa nyumbani. Kwa bango la bei ya chini usafiri unaweza kuizidi bei yenyewe. Ndiyo maana nangoja hadi yawe manne au matano ghalani, ndipo nayaunganisha kwenye mzigo mmoja. Andika kiwango chako cha juu kabla mnada haujaanza kuchemka, na usikivuke usiku wa manane.

Hatua ya 7: Safari

Bango lililohifadhiwa likiwa limeviringwa lisikunjwe. Lililokwisha kukunjwa linaweza kusafiri bapa kati ya kadibodi mbili ngumu, na mara nyingi hiyo ni salama kuliko kuliviringa. Kwa kuviringa, omba mrija wa kadibodi nene wenye kipenyo kisichopungua sentimita 8, mrefu kuliko bango, na bango livikwe mfuko wa plastiki kabla ya kuingia. B2 inatosha kwenye mrija wa sentimita 60. EMS, huduma ya haraka ya posta ya Japani, hupokea mzigo wa hadi mita 1.5 urefu, kwa hiyo hata B1 haina shida.

Thamani itajwe ya kweli. Mzigo ulioandikwa dola tano ukipotea, utalipwa dola tano. Weka namba ya simu pamoja na S.L.P., maana kwetu mpokeaji hupatikana kwa simu. Ukishaupokea, usiufungue kwa pupa. Uache ndani ya nyumba siku nzima, karatasi izoee hewa.

Hatua ya 8: Kulitunza pwani

Vitabu vya wahifadhi vinasema joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja anajua hilo halitokei lenyewe. Tufanye linalowezekana.

Kwanza kabisa, bango lisilaminetiwe. Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka 2016 nilimwachia ndugu yangu bango la Nikkatsu, naye kwa nia njema kabisa akalipeleka stationari wakalifunika plastiki ya moto, kama cheti cha kuzaliwa. Plastiki ile haitoki tena. Karatasi iliyopona tangu 1963 iliishia siku hiyo.

Pasi nayo isiguse mkunjo. Ukitaka kunyoosha bango, liweke kati ya karatasi safi zisizo na asidi, juu yake ubao, juu ya ubao vitabu, uliache wiki mbili. Selotepu usiivute. Mchaniko usiuzibe kwa gundi ya dukani. Mafundi wa karatasi hutumia uji wa wanga wa ngano na karatasi nyembamba ya Kijapani itokanayo na magome ya mforosadi wa karatasi, kwa sababu kazi hiyo inaweza kubanduliwa kwa maji baadaye bila kuumiza kitu. Kama huna fundi wa namna hiyo, mchaniko mdogo uache ulivyo.

Kila bango liingie kwenye mfuko wa poliesta, si ule wa PVC unaonuka kama pazia jipya la bafuni, maana huo hutoa kemikali. Hifadhi bapa, kwenye droo pana au kasha la bapa lililoinuliwa kutoka sakafuni na kusogezwa mbali na ukuta wa nje, kwa sababu ukuta hutoa jasho na mchwa hupanda kutoka chini. Weka silika jeli, chembe zinazofyonza unyevu, uikaushe kila inapobadilika rangi. Kila mwezi fungua, angalia, nusa. Ukungu huufikia pua kabla ya jicho, na bango lenye harufu hiyo lihame droo siku hiyohiyo.

Kulitundika inaruhusiwa, ndilo kusudi lake tangu mwanzo. Tumia fremu yenye akriliki, plastiki ngumu angavu kama kioo, inayochuja miale ya jua, na kati ya bango na akriliki pawe na ukingo wa kadibodi isiyo na asidi ili visigusane. Chagua ukuta usiopigwa na jua saa yoyote. Mimi nina fremu moja tu ya B2, sebuleni, na kila baada ya miezi mitatu nabadilisha kilichomo. Sasa hivi kuna mzimu wa Shintoho, na mwezi ujao anarudi drooni.

Kwa kila bango fungua daftari: jina la filamu kwa herufi zake, studio, mwaka wa filamu, mwaka wa karatasi, kipimo, kasoro, ulilinunua wapi na kwa kiasi gani, pamoja na picha ya mbele na ya nyuma. Namba ya daftari iandike kwa penseli kwenye mfuko, kabla bango halijaingizwa ndani.